Wanyama Hai Ndani ya Vifurushi: Hatari za Kisheria na Kimaadili za Magendo ya Posta

Magendo ya wanyamapori yamezoeleka kutazamwa kupitia meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kakakuona, yaani viungo vya mnyama aliyekwisha kuuawa, na ndiyo maana sheria nyingi, vikosi vya doria na kampeni za uhifadhi vimejengwa kwa kumlenga jangili mwenye bunduki. Kando ya biashara hiyo imekua nyingine ambayo bidhaa yake haina thamani isipofika ikiwa hai: mijusi, vinyonga, kobe, nyoka, vyura, buibui, nge na hata sisimizi, wanaokamatwa porini katika nchi moja na kufugwa ndani ya masanduku ya vioo katika nchi nyingine kwa ajili ya mapambo, fahari au udadisi. Viumbe hao huitwa wanyama wa kigeni wa kufuga, kwa maana kwamba si wa asili ya nchi anakoishi mfugaji, wala hawakupitia karne nyingi za kuzoeshwa na binadamu kama walivyopitia mbwa, paka na kuku. Sehemu ya biashara yao ni halali na ina vibali vyake. Sehemu nyingine hupita kwa siri, na miongoni mwa njia za siri iliyo nafuu zaidi ni kifurushi cha posta.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kifurushi hulikatakata kosa moja kuwa matendo madogo madogo ya watu wasiojuana, yaani mkusanyaji, mfungaji, mtumaji, mchukuzi na mpokeaji, na kila mmoja wao akaliona fungu lake kuwa dogo mno kuitwa uhalifu. Sheria, ambazo kwa kiasi kikubwa zilitungwa kwa kufuata mipaka ya nchi na orodha za spishi, nazo hulifuata kosa hilo kipande kwa kipande, na mara nyingi humkuta aliye karibu na mkono wa dola kabla ya kumfikia aliyeianzisha biashara kwa fedha yake. Kwa hiyo hatari za kisheria na hatari za kimaadili, ingawa huzungumzwa mbalimbali, hutoka katika chanzo kimoja.

Kwa nini posta

Abiria anayeficha mnyama ndani ya sanduku lake husimama mwenyewe mbele ya afisa wa forodha, na akikamatwa amekamatwa pamoja na jina lake, pasipoti yake na tiketi yake. Kifurushi husafiri peke yake. Jina la mtumaji linaweza kuwa la kubuni, anwani ya kurudishia ikawa ya jengo lisilokuwepo, na maelezo ya bidhaa yakawa maneno mawili matatu yaliyoandikwa kwenye tamko la forodha, ambayo ni fomu inayobandikwa juu ya kila kifurushi cha kimataifa kueleza kilichomo, uzito wake na thamani yake. Kikizuiliwa kimoja, mtumaji amepoteza bidhaa, lakini mwili wake uko mbali, na vingine vilivyotumwa siku hiyo hiyo kupitia ofisi nyingine huenda vimepita. Hesabu hiyo ya hasara na faida ndiyo inayowavuta wafanyabiashara wa magendo kuigawa shehena kubwa kuwa paketi nyingi ndogo.

Matukio yaliyofika hadharani yanaonyesha namna hesabu hiyo inavyofanya kazi. Mwezi Machi 2017 maafisa wa forodha wa Marekani walikifungua kifurushi kilichotoka Hong Kong kuelekea Los Angeles, wakakuta swila watatu wa Asia, wa ile jamii iliyo ndefu kuliko nyoka wote wenye sumu duniani, wamefungiwa ndani ya makopo ya kribsi za viazi. Mwezi Aprili 2019 forodha ya Ufilipino ilihesabu tarantula 757, buibui wakubwa wenye manyoya, ndani ya maboksi ya biskuti na shayiri yaliyotumwa kutoka Poland. Mwaka 2025 maafisa wa Ujerumani katika uwanja wa ndege wa Köln/Bonn walikuta takriban tarantula wachanga 1,500 ndani ya vichupa vya plastiki vilivyofichwa katika maboksi ya keki za chokoleti kutoka Vietnam. Katika mashauri ya mahakama za shirikisho za Marekani yamejitokeza mara kwa mara mafaili ya kobe wa Amerika Kaskazini waliotumwa Hong Kong wakiwa wamefungwa ndani ya soksi ili wasipapase kuta za boksi, huku karatasi ya juu ikieleza kwamba ndani mna lozi na biskuti, au wanasesere wa plastiki. Australia, ambayo hairuhusu biashara ya nje ya wanyama wake wa asili walio hai, imekuwa ikiwakamata mijusi wake wa jangwani kwa namna kama hiyo, na mapema 2024 polisi wa jimbo la New South Wales walitangaza kuwakamata watu wanne pamoja na mijusi 257 waliokuwa wakielekezwa Hong Kong.

Katika matukio haya yote uongo ulioandikwa kwenye tamko la forodha ni kosa linalojitegemea, hata kama mnyama aliyemo angekuwa wa spishi isiyolindwa na mkataba wowote. Mtu anayeamini kwamba anavunja kanuni ndogo ya posta huwa tayari amevunja sheria tatu au nne kwa mpigo mmoja: ya forodha, ya wanyamapori, ya afya ya mifugo na ya usalama wa posta yenyewe.

Kanuni za posta zinaruhusu nini

Si kila kiumbe hai kinachopita posta ni magendo, na uchambuzi unaolisahau jambo hili hupotosha. Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa mjini Bern mwaka 1874, unakataza kwa jumla wanyama hai katika barua, kisha unataja waliotengwa na katazo hilo: nyuki, ruba, viwavi wa hariri, wadudu wanaotumika kuangamiza wadudu waharibifu pale wanapobadilishana taasisi zinazotambuliwa rasmi, na nzi wadogo wa matunda wanaohitajika katika utafiti wa tiba. Kwa upande wa vifurushi vikubwa, umoja huo unaziachia nchi zinazohusika ziamue kwa sheria zao. Orodha hiyo inaonyesha kwamba waliotunga kanuni walitazama kilimo, tiba na sayansi, wala hawakuwa na fikra ya mtu anayetaka kuweka kinyonga juu ya meza ya kusomea.

Uamuzi ulioachiwa nchi ndipo penye mkanganyiko. Marekani, kwa mfano, huruhusu ndani ya mipaka yake posta kuchukua baadhi ya wanyama wadogo wa damu baridi wasio na madhara, kama vile mijusi na vyura, lakini hukataza nyoka wote na kobe wote, na huweka masharti yake kwa vifaranga vya siku moja na nyuki. China hukataza kwa ujumla kutuma wanyama hai kwa posta, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulifuatilia mauzo ya sisimizi katika intaneti ya nchi hiyo kwa miezi 6 na kuhesabu zaidi ya makundi 58,000 yaliyouzwa, takriban robo ya spishi zake zikiwa si za asili ya China. Mnunuzi anayeona mnyama ametangazwa waziwazi na bei ya kumsafirisha imeandikwa hudhani kwamba kilicho wazi ni halali, na dhana hiyo ndiyo inayompeleka kizimbani.

Orodha za kimataifa na mapengo yake

Nguzo kuu ya sheria ya kimataifa katika suala hili ni Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Spishi za Wanyama na Mimea Zilizo Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa ufupisho wa CITES, uliotiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Mkataba huu hugawa spishi katika viambatisho vitatu. Kiambatisho I kina spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka, ambazo biashara yake ya kimataifa kwa wale waliotolewa porini imezuiwa isipokuwa kwa sababu za pekee. Kiambatisho II kina spishi ambazo biashara yake inaruhusiwa kwa kibali cha nchi inayotoa, baada ya wataalamu wake kuthibitisha kwamba uvunaji hautaidhuru spishi porini. Na Kiambatisho III kina spishi ambazo nchi moja imeamua kwa hiari yake kuomba msaada wa nchi nyingine katika kuzidhibiti.

Afrika Mashariki inayo mifano miwili iliyo wazi ya namna orodha hizo zinavyochelewa. Kobe bapa, ambaye gamba lake laini humwezesha kujipenyeza ndani ya nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, aliingizwa katika Kiambatisho I mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya kukusanywa kwa ajili ya masoko ya Ulaya, Asia na Marekani. Mfano wa pili ni mjusi mdogo wa rangi ya samawati wa msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mjusi huyu hukaa katika makwapa ya majani ya mkadi, na mtu anayetaka kumkamata kwa haraka huukata mkadi wenyewe na kuulaza chini, kisha akaokota mijusi kati ya majani. Hivyo mavuno ya siku moja huondoa wanyama pamoja na nyumba yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kikundi kimoja tu cha wakusanyaji kilichukua kati ya mijusi 32,000 na 43,000 kuanzia Desemba 2004 hadi Julai 2009, sawa na takriban asilimia 15 ya mijusi wote waliokadiriwa kuwepo. Mjusi huyo aliingia Kiambatisho I mwaka 2016, wakati alipokwisha kuwa bidhaa ya kawaida katika maonyesho ya wafugaji wa Ulaya.

Pengo kubwa zaidi ni la spishi ambazo hazimo katika kiambatisho chochote. Mwezi Aprili 2025 vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni katika kaunti ya Nakuru, Kenya, wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia wa spishi ya *Messor cephalotes*, waliopangwa ndani ya mirija ya maabara 2,244 iliyozibwa kwa pamba. Ufungaji huo ndio unaotumika katika biashara ya sisimizi duniani: malkia ndani ya mrija, na pamba yenye unyevu, ambayo kwa mujibu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya ingemweka hai kwa muda wa hadi miezi miwili. Mkenya mmoja na raia mmoja wa Vietnam walikamatwa katika shauri lililofanana na hilo. Washitakiwa wote wanne walikiri, na tarehe 7 Mei 2025 mahakama mjini Nairobi iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12.

Spishi hiyo haikuwa katika viambatisho vya CITES, na hukumu yote ilisimama juu ya sheria ya nchi, yaani Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo haimbagui mdudu na ndovu katika sharti la kibali. Mamlaka za Kenya zililiita kosa hilo uharamia wa kibiolojia, maana yake kuchukua rasilimali za viumbe za nchi bila idhini yake wala mgawo wa faida, jambo linalokatazwa na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010. Lakini laiti mirija hiyo ingepita na kufika Ulaya, hali ingebadilika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1900, inayojulikana kama Lacey Act, humfanya kuwa mkosaji mtu anayefanya biashara ya mnyama aliyechukuliwa kinyume cha sheria ya nchi nyingine. Umoja wa Ulaya haujawa na sheria ya jumla ya namna hiyo, kwa hiyo mnyama asiyemo katika orodha zake anaweza kuuzwa dukani hata kama alitoroshwa kutoka kwao. Uharamu wa mnyama, kwa maneno mengine, huweza kufutika angani kati ya uwanja mmoja wa ndege na mwingine, na mnunuzi akapokea kwa mikono miwili kile ambacho mkusanyaji angefungwa kwa ajili yake.

Siri ya barua na mkono wa forodha

Ugumu mwingine wa kisheria unatokana na heshima ambayo mifumo mingi ya sheria imeipa barua. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua tangu mwaka 1878 kwamba barua iliyofungwa haiwezi kufunguliwa bila hati ya mahakama. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya nazo hulinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ulinzi huo ulipatikana kwa jasho, kwa kuwa dola inayofungua barua za raia kwa kutafuta mijusi inaweza kesho kuzifungua kwa kutafuta maoni. Hata hivyo kifurushi kinachovuka mpaka wa nchi huhesabiwa kuwa bidhaa kabla ya kuwa mawasiliano, na kwa sababu hiyo maafisa wa forodha wana mamlaka mapana ya kukikagua. Mahakama hiyo hiyo ya Marekani ilikubali mwaka 1977, katika shauri la Ramsey, kwamba barua za kimataifa zinaweza kufunguliwa mpakani bila hati ikiwa kuna sababu ya msingi ya kushuku.

Teknolojia imepunguza mvutano huo bila kuumaliza. Nchini Australia watafiti walizifundisha kompyuta kutambua maumbo ya mijusi, ndege na samaki katika picha za eksirei za pande tatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kiwango cha utambuzi cha zaidi ya asilimia 80. Mbwa wa kunusa hutumika pia. Njia hizo hazisomi barua ya mtu. Hutafuta mifupa na harufu. Lakini mitambo ya aina hiyo ni ghali, na nchi zinazotoa wanyama mara nyingi ndizo zisizo nayo, hali inayofanya kifurushi kikaguliwe vizuri kinapofika na vibaya kinapoondoka, yaani baada ya mnyama kuwa amekwisha kuondolewa alikokuwa na manufaa.

Kisingizio cha kutokujua

Utetezi unaosikika zaidi katika mashauri haya ni kwamba mshitakiwa hakujua. Vijana wa Ubelgiji waliieleza mahakama kwamba hawakukusudia kuvunja sheria, na utetezi wa namna hiyo huwa na nguvu ya kibinadamu kwa sababu wafugaji wengi wa viumbe hawa ni mashabiki wanaowapenda kwa dhati. Katika sheria, hata hivyo, kutojua sheria si kinga, na hata kutojua ukweli wa jambo kuna mpaka wake. Lacey Act huweka ngazi mbili: anayejua kwamba mnyama amepatikana kwa njia haramu hukabiliwa na kifungo cha hadi miaka mitano, na ambaye hakujua lakini angejua kama angechukua uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa nafasi yake hukabiliwa na kosa dogo zaidi. Kigezo cha uangalifu kinauliza maswali ya kawaida: bei ilikuwa ya namna gani, muuzaji alionyesha karatasi zipi, kwa nini mnyama alitumwa ndani ya kopo la kribsi.

Tanzania imechukua mkondo mkali zaidi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, maana ya nyara haishii kwenye ngozi na meno, bali inamhusu pia mnyama aliye hai, na makosa ya nyara za Serikali yanaweza kushitakiwa kama uhujumu uchumi, ambako kifungo huanzia miaka 20 na kufika 30. Matukio ya miaka iliyofuata yaliuongeza ukali huo. Mwaka 2010 zaidi ya wanyama hai 100, wakiwemo twiga, walipakiwa ndani ya ndege ya kijeshi katika uwanja wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar. Mwezi Mei 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Na tangazo la Juni 2022 lililokusudia kuwapa wafanyabiashara miezi 6 ya kuuza nje wanyama waliobaki mikononi mwao lilisitishwa mara tu lilipozua malalamiko ya umma. Kwa hiyo kwa sasa hakuna njia halali ambayo kifurushi chenye kinyonga wa Usambara aliyekamatwa juzi kinaweza kutoka Dar es Salaam, na muuzaji wa ng'ambo anayedai kuwa na kibali kipya cha namna hiyo ameshajitia mwenyewe katika shaka.

Gharama anayoibeba mnyama

Maadili huanza pale sheria inapoishia, na hapa swali la kwanza ni la mnyama mwenyewe. Mnyama aliyefungiwa katika kifurushi hukaa gizani bila maji kwa siku kadhaa, akipitia joto la ghala, baridi ya tumbo la ndege na misukosuko ya mikanda ya kuchambulia mizigo, bila mtu yeyote kujua kwamba yumo na kwamba anahitaji kitu. Usafirishaji halali wa wanyama kwa ndege una kanuni za kimataifa kuhusu ukubwa wa kizimba, upenyo wa hewa na alama za nje. Magendo ni lazima yazivunje zote, maana tundu la hewa ndilo linaloweza kumfichua aliyemo. Mateso, basi, yamo ndani ya njia yenyewe, wala hayatokani na uzembe wa mtumaji mmoja.

Mpokeaji wa swila wa Los Angeles aliwaambia wachunguzi kwamba kabla ya kifurushi kile alikuwa amekwisha kupokea swila 20 kwa njia hiyo hiyo, na wote walikufa safarini. Kauli hiyo inabeba mantiki yote ya biashara: vifo 20 havikumfanya aache, vilimfanya aagize tena. Pale ambapo mnyama mmoja akifika anafidia bei ya waliokufa, kifo huingia katika hesabu kama gharama ya kufungashia. Hata biashara iliyo na leseni haiko mbali sana na hesabu hiyo. Mwaka 2009 maafisa wa Texas walipovamia ghala la muuzaji mmoja wa jumla walikuta zaidi ya wanyama 26,000, na takriban asilimia 80 ya hao walikuwa wagonjwa, wamejeruhiwa au wamekufa.

Kukamatwa kwa kifurushi nako hakumaanishi kuokolewa kwa mnyama. Aliyenaswa hawezi kurudishwa porini ovyo, kwa kuwa huenda amebeba vimelea alivyoambukizwa na wanyama wa mabara mengine ghalani, na mara nyingi hakuna anayejua alitolewa kwenye kilima kipi au msitu upi. Mwishoni mwa 2024 Thailand iliwarudisha Madagascar kobe na lemuri karibu 1,000 waliokuwa wamenaswa na maafisa wake, baada ya baadhi ya wanyama wa kundi hilo kufa. Urejeshaji kama huo ni wa kusifiwa, na ni nadra. Wanyama wengi walionaswa huishia katika vituo vilivyojaa, na wadudu aghalabu huangamizwa.

Madhara yanayotoka nje ya kifurushi

Hatari ya pili ya kimaadili inawahusu watu na viumbe ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika biashara. Mnyama anayetoroka au kuachiwa na mfugaji aliyemchoka anaweza kuwa spishi vamizi, yaani kiumbe kinachozaana nje ya makao yake ya asili na kuharibu mazingira mapya. Vinyonga wenye pembe tatu kutoka nyanda za juu za Kenya, walioachiwa kisiwani Oahu mwaka 1972, wameenea Hawaii na hula wadudu na konokono wa asili wa visiwa hivyo. Konokono mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejulikana na kila mtoto wa Tanga au Mombasa, aliingia Florida mwaka 1966 wakati mvulana alipowaleta watatu kutoka Hawaii, na jimbo hilo lilihitaji takriban muongo mmoja na zaidi ya dola milioni moja kuwamaliza, kisha likaanza upya mwaka 2011 alipozuka tena Miami. Konokono huyo hula mazao ya aina nyingi na hubeba minyoo inayoweza kumletea binadamu homa ya uti wa mgongo.

Magonjwa nayo hayasomi tamko la forodha. Kuvu inayoua salamanda, wanyama wanaofanana na mijusi lakini walio wa ukoo wa vyura, iliingia Ulaya pamoja na biashara ya wanyama kutoka Asia na kukaribia kuwamaliza salamanda wa Uholanzi, na mwaka 2016 Marekani ikazuia uingizaji wa jenasi 20 za salamanda kwa hofu ya kuvu hiyo. Mwaka 2003 shehena halali ya wanyama wadogo kutoka Ghana ilipeleka virusi vya mpox Marekani, ambako watu 47 walithibitishwa au kukisiwa kuambukizwa katika majimbo sita. Ikiwa shehena yenye karatasi zote iliweza kufanya hivyo, kifurushi kisicho na karatasi humnyima daktari hata nafasi ya kuuliza mnyama alitoka wapi. Postamasta anayekishika, mchambuzi wa mizigo na mtoto wa jirani wa mfugaji hawakuulizwa kama wako tayari kubeba hatari hiyo.

Nchi iliyoachwa nyuma hupata hasara yake pia. Sisimizi wa Messor hukusanya mbegu za nyasi, huzitawanya na kuuchimbua udongo wa malisho, na hukamatwa wakati wa mvua, malkia wanaporuka kwenda kuanzisha makundi mapya. Kwa hiyo kila malkia aliyefungiwa katika mrija ni kundi zima ambalo halitaanzishwa. Hasara hiyo haionekani katika thamani ya shilingi iliyoandikwa kwenye hati ya mashitaka.

Mgawanyo wa haki

Swali la tatu la kimaadili ni la haki baina ya binadamu. Katika mnyororo wa biashara hii kijana wa kijijini hulipwa pesa ndogo kwa kila mnyama, ilhali malkia mmoja wa sisimizi wa Kenya ameripotiwa kutangazwa Uingereza kwa bei ya hadi pauni 170. Aliyelipwa kidogo ndiye aliye karibu na askari wa wanyamapori, ndiye anayejulikana kwa jina mtaani, na ndiye anayekabiliwa na kifungo kirefu kuliko wote, hasa pale sheria ya nchi ilipoandikwa kwa hasira ya tembo waliouawa. Mnunuzi wa mwisho, ambaye fedha yake ndiyo iliyoiamsha safari nzima, huenda asipate hata barua ya onyo. Ukali unaoelekezwa upande mmoja wa mnyororo huzalisha wafungwa bila kuzuia bidhaa, kwa sababu mkusanyaji aliyefungwa hupata mrithi msimu wa mvua unaofuata, na agizo linabaki pale pale.

Watetezi wa ufugaji huu wana hoja mbili zinazostahili kupimwa. Ya kwanza ni kwamba ufugaji hukuza elimu na kwamba baadhi ya spishi zimehifadhiwa na wafugaji pale makao yake yalipoharibiwa. Hoja hiyo ina ukweli kwa wanyama waliozaliwa kizimbani na ambao asili yao inaweza kuthibitishwa, lakini haimsaidii anayemwagiza aliyetolewa porini, kwa kuwa anapunguza kile anachodai kukihifadhi. Ya pili ni kwamba marufuku kamili huwanyima wanakijiji kipato halali. Hoja hii ni nzito zaidi, na jibu lake ni vibali vinavyotoa mgawo halisi kwa jamii zinazoishi na wanyama hao, chini ya hesabu za wataalamu. Magendo ya posta hayatoi kibali, mgawo wala hesabu.

Wajibu unaopaswa kuhamishwa

Kutokana na uchambuzi huu, marekebisho yenye maana ni yale yanayoviunganisha tena vipande ambavyo kifurushi kimevitenganisha. La kwanza ni kumhamishia mnunuzi mzigo wa kuthibitisha asili, ili mtu anayemmiliki mnyama wa kigeni awe na karatasi inayoonyesha alikotoka, kama anavyotakiwa kuwa nayo mwenye gari. Nchi za Ulaya zikipitisha sheria inayotambua uharamu wa mnyama katika nchi alikotoka, mkusanyaji wa Nakuru na mfugaji wa ng'ambo watasimama chini ya sheria moja. La pili liko mikononi mwa nchi zinazotoa wanyama, ambazo zinaweza kuitumia fursa ya Kiambatisho III, kisichohitaji kura ya nchi nyingine, kwa spishi ndogo ndogo kabla hazijawa bidhaa ya kawaida. La tatu ni la masoko ya intaneti na kampuni za vifurushi, zinazopata faida kwa kila tangazo na kila kilo, na kwa hiyo haziwezi kudai kwamba zilikuwa mfereji tu ambamo maji yalipita. La nne ni kwa mahakama kuitofautisha nafasi ya kila mshitakiwa katika mnyororo, ili adhabu ilingane na faida aliyoipata na uwezo aliokuwa nao wa kukataa.

Kipimo kikali kuliko vyote kinabaki kwa anayeagiza, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayeweza kuisimamisha safari kabla haijaanza, bila eksirei, mbwa wala hati ya mahakama. Anapolipa bila kuuliza, amelipia pia mkadi uliokatwa, wanyama waliokufa safarini na kifungo cha mtu asiyemjua, na umbali ulio kati yake na mambo hayo haumpunguzii fungu lake hata kidogo.